Askari wa Pili Kutoka Pembeni

Karani wetu wa masjala tulimwita Samahani, maana hata faili likimwangukia mguuni aliliomba radhi. Mkewe na binti yao waliishi mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi. Kwa miaka mitano aliomba uhamisho. Mimi, katibu muhtasi, ndiye niliyezipeleka barua zake kwa Mkurugenzi, na mimi ndiye niliyezikuta zimewekewa glasi ya maji juu, meza isilowe. Kazi nzuri kwa barua.

Samahani alikuwa na mkakati, eti. Kila mwaka, kwenye fainali ya chesi ya ofisi, alijifungisha makusudi ili bosi afurahi na kusaini. Bosi alifurahi kweli. Kusaini ndiko alikokusahau.

Mwaka huu akaamua kufungwa upesi zaidi. Mkurugenzi alikuwa amekariri kitabu kizima cha kuwajibu askari wa katikati, na kukifuata kulimchukua saa nzima, basi Samahani akaanza na askari wa pili kutoka pembeni, hatua mbili, ufunguzi wa mtu aliyeghafilika. Kisha akamsogeza askofu wake pale nyuma ya askari huyo, asimsumbue mheshimiwa.

Mkurugenzi akacheka mpaka miwani ikamteleza. Akamla askari huyo, akamwacha wake wa katikati bila mlinzi, mbele ya askofu yule yule. Samahani akaliona kosa hilo, akaurudisha mkono mapajani.

"Unangoja nini? Si ule!" akafoka bosi. "Kaaskari kamoja tu!"

"Samahani mkuu, naona kama..."

"Nimesema kula!"

Amri ni amri. Akala. Hatua iliyofuata akaamriwa tena, akala mwingine, na nyuma ya huyo ilikuwa ngome, nayo akaila kwa utiifu uleule. Kufikia hatua ya ishirini mfalme wa Mkurugenzi hakuwa na pa kukimbilia. Mhasibu alipiga kofi moja, akajuta papo hapo.

Kabla ya chakula cha mchana uhamisho ulikuwa umesainiwa.

"Aende kesho," Mkurugenzi aliniambia. "Mwakani sitaki kuiona sura yake kwenye fainali."

Samahani alimpigia mkewe palepale mezani kwangu, machozi yakimtoka, akamsimulia yote. Nilisikia mama yule akipiga kelele za furaha, kisha sauti yake ikashuka.

"Baba," akauliza polepole, "yaani miaka yote hii ulikuwa unaweza kumfunga?"

Samahani alitazama barua iliyokuwa mkononi mwake, akaiomba radhi.