Aliyefagia Kinyumenyume

Kuna asubuhi ambazo sijashika ufagio na bado nausikia. Unakwaruza ua wa jirani polepole, pigo refu kisha kimya kidogo, jinsi mtu mzima anavyofagia. Nikimwambia mama, ananijibu kwamba masikio yangu bado yana vita. Basi nainuka, nachukua ufagio wa njiti za mchikichi, naenda kufagia ua usio wetu mbele ya nyumba isiyo na mtu.

Nyumba ile ilikuwa ya mwanamke aliyetoka Kasai. Mume wake alikuwa mfanyakazi wa reli, na ni reli iliyowaleta Kindu. Vita ilipoanza, mume aliondoka na treni kwenda kusini na treni haikurudi. Binti yao alikuwa ameshaolewa mbali, kwa hiyo jirani yetu akabaki peke yake. Hakuwa mtu wa maneno. Mama yangu, ambaye kwake siku bila mazungumzo ni kama sombe, mboga ya majani ya mihogo, bila mawese, alimwonea huruma sana kwa ukimya ule.

Wenye silaha walipokaribia, mtaa mzima ulihama. Sisi tulifuata njia ya Kibombo, tukaingia porini, tukala mihogo ya watu tusiowajua. Jirani alikataa kwenda. Alisema mume wake akirudi na kukuta mlango umefungwa, atamtafuta wapi. Huko porini mama aliililia nyumba yake kuliko kitu kingine chochote, maana alijua mambo yanavyokwenda: majani yakiota mlangoni, mwenye bunduki anajua nyumba haina mtu. Anang'oa mabati, anang'oa mlango, hata fremu ya dirisha anaifanya kuni.

Tuliporudi, mabati yalikuwepo. Mlango ulikuwepo. Na ua ulikuwa umefagiliwa, mistari ya ufagio imelala juu ya udongo mwekundu bila unyayo hata mmoja. Mama alisimama barabarani na mzigo kichwani, akaogopa kuingia kwake mwenyewe. Mtaa wote ulikuwa hivyo, nyua safi na milango kimya. Mitaa mingine tuliyopita ilikuwa magofu, lakini nakiri kwamba usafi ule ulinitisha zaidi.

Siku chache baadaye mama aliamka mapema akamkuta jirani kwenye ua, au lupango kama tusemavyo hapa, wa familia iliyokuwa bado porini. Nilikuwa nyuma ya mama. Jirani alikuwa amekonda, kitenge kimemzunguka mara mbili. Alikuwa anafagia kinyumenyume, kutoka mlangoni kuelekea barabarani, ufagio ukifuta nyayo zake kila aliporudisha mguu.

"Njo weye?" mama akauliza. "Manyumba yote hii, njo weye?"

"Nyumba ya kufagiliwa, muntu anazani iko na mwenyewe."

"Na sababu gani unarudia nyuma?"

"Wakiona miguu ya muntu moja kwa kila lupango, watajua iko mwanamuke moja tu." Kisha akamshika mama mkono. "Tafazali, Mama. Usiambie watu."

Mama aliapa, na aliapa kwa moyo wote. Lakini shukrani ilimjaa mpaka ikamwagika. Wahenga wanasema tenda wema nenda zako, ila hawakumwambia aliyetendewa afanye nini na mdomo wake. Kesho yake kisimani, mama alisema yote. Alisema akicheka, kama mtu anayetangaza harusi.

Kindu ya wakati ule ilikuwa imezika watu wengi mno, na kila kifo kilikuwa kinatafutiwa mtu wa kukibeba. Neno liliondoka kisimani likiwa shukrani, likafika sokoni likiwa swali, jioni likarudi kwetu hukumu. Mwanamke gani anaachwa hai peke yake katikati ya bunduki? Nani anafagia nyua za watu alfajiri, kama si mwenye kuokota udongo wa nyayo zao awaroge? Na nyayo zake mwenyewe ziko wapi? Anatembea kinyumenyume, wakasema, na kila mtu anajua ni nani wanaotembea hivyo. Walisema haya wakiwa wamekaa chini ya mabati aliyowaokolea. Nikikumbuka hasira inanipanda mpaka leo, na baadhi yao bado tunasalimiana kila siku na kuulizana habari za watoto.

Mama alizunguka nyumba kwa nyumba akieleza. Kadiri alivyoeleza ndivyo walivyotazamana. Kwa jirani hakwenda, aliona haya. Alisema atakwenda watu wakitulia.

Asubuhi moja nyumba ya jirani ilikuwa imefungwa. Walisema ameonekana akivuka mto kwa mtumbwi, na kifurushi kidogo. Mlangoni petu palikuwa pameegemezwa ufagio wake.

Ufagio ule ndio uliomsumbua mama miaka yote iliyofuata. Hakujua kama ni lawama au ni ombi. Siku nyingine alisema, ameniachia kazi, maana yake atarudi. Siku nyingine alisema, amenionyesha nilichomfanyia. Njia ya kujua haikuwepo, basi alishika ufagio akafagia. Ulipoisha alitengeneza mwingine. Akafagia mpaka magoti yakakataa, ndipo nikapokea mimi.

Sisi hapa tukitaka kumsifu mtu hatumpambi sana, tunasema tu, huyu njo muntu, yaani huyu ndiye mtu. Zamani nilidhani ni sifa ndogo. Siku hizi najiuliza ni wangapi mtaani kwetu ningeweza kuwapa.

Shefu wa mtaa hupita mara kwa mara. Wachimbaji wa dhahabu kutoka Kampene wanatafuta pa kujenga, na macho yake yako kwenye nyumba ile.

"Lupango hii mwenyewe aliiacha, Mama."

"Majani iko wapi?" mama humjibu. "Unionyeshe majani kwanza."

Anacheka, anaondoka, lakini tunajua atarudi. Na vijana waliozaliwa baada ya vita wananong'ona kwamba mama ni mchawi, kwa nini anang'ang'ania ua wa nyumba tupu. Nawajibu kwamba angekuwa mchawi angeanza kwa kuyaponya magoti yake.

Mwaka huu, mvua zilipopungua, treni iliingia, jambo ambalo siku hizi watu huacha kazi wakaenda kulitazama. Mchana ule msichana mgeni alisimama barabarani, begi mkononi, akiutazama ule ua. Alisimama muda mrefu. Mama, aliyekuwa amekaa nje, akamuuliza anatafuta nani.

"Siulizi muntu, Mama. Nyanya yangu alikataza. Aliniambia: wende uangalie tu. Ukikuta majani, urudie. Ukikuta panafagiliwa, useme hodi kwa jirani."

Kisha akasema, "Hodi."

Mama alifungua mdomo, na neno "karibu" halikutoka. Mwanamke huyu wa maneno. Nikaitikia mimi.

Baadaye mama aliuliza kama nyanya mwenyewe anakuja nyuma. Msichana akasema hapana, wamemzika kabla ya mvua.

"Alisema nini juu yangu?"

"Alisema nikuambie, alisikia kwamba kule kisimani ulikuwa unamushukuru."

Mama alilia mbele ya mgeni bila kujificha. Tulimpa msichana mkeka na mto, akalala ndani ya nyumba ya nyanya yake.

Alfajiri, muadhini hajamaliza, nikausikia ufagio, pigo refu kisha kimya kidogo. Sikuinuka. Nimezoea. Ndipo nikamsikia mama kitandani kwake.

"Leo hata miye nausikia," akasema.

Nikamshika mkono tukaenda kufungua mlango. Msichana alikuwa ameshafika barabarani, ametupa mgongo sisi wa ng'ambo ya barabara, uso kwenye nyumba ya nyanya yake, ufagio mkononi. Kutoka miguuni pake mpaka mlangoni udongo haukuwa na unyayo hata mmoja.