Fundi wa kamera aliniambia hina imenikaa

Wakuu, nawasalimu kutoka Bwiza, Bujumbura. Mi ni bibi wa wajukuu tisa, shule niliishia darasa la tatu, basi herufi zikipinda muzinyooshe wenyewe. Lakini habari ni ya kweli, imenipata mimi.

Mwizi aliruka ukuta akabeba sufuria zangu mbili. Binti yangu Halima, yuko Ubelgiji, akatuma fundi aweke kamera uwanjani, ile ya wifi. Yeye anaona kwa telefone yake kule.

Nilijivuna, siwafichi. Majirani walikuja kuiangalia kama bibi arusi.

Mwezi wa kwanza Halima alinichosha tu, akiniona napika uwanjani anapiga simu. "Mama, mbona chumvi nyingi hivyo? Dokta alisema nini?"

Mutu yuko Ulaya anachunga chumvi yangu. Nikavumilia, ni mutoto wangu.

Sasa sikilizeni.

Jumanne nilikaa uwanjani, nikafungua kichwa, nikapaka hina. Mi Muislamu, na nywele zangu bado nyingi, mupende musipende. Tangu mume wangu afariki, hakuna mwanaume wa nje aliyeziona. Mlango nilifunga. Nilikuwa peke yangu.

Kesho yake naenda sokoni, nimejifunga kitambaa mpaka kwenye paji. Nakutana na yule fundi, mwanaume mzima mwenye wake wawili.

"Bibi, ile hina imekukaa. Umerudi msichana."

Nikapapasa kitambaa changu, bado kiko kwenye paji.

"Umeiona wapi?"

Akaangalia viatu vyake.

Nikampigia Halima palepale njiani. "Mama, kode, ile namba ya siri ya kuingilia kamera, aliiweka yeye, na mi sikubadilisha. Alisema ikiharibika ataitengeneza akiwa kwake."

Miezi mitatu. Nimefua pale, nimetawadha pale, nimemulilia mume wangu pale. Sijui ameona nini na nini. Hilo ndilo linanikosesha raha.

Nilifika nyumbani, nikapanda kiti, nikaivika kamera kitambaa. Ijistiri yenyewe.

Halima akapiga analia. "Mama, wezi wakirudi sitajua."

Nikamwambia, "Mwizi alibeba sufuria. Huyu we umemupa mama yako."

Sasa kode ni mpya, ameiweka Halima, na kamera inaangalia mlango wa njia tu. Lakini mpaka leo nafua nikiwa nimejifunga kichwa, ndani ya uwanja wangu mwenyewe.

Nilichojifunza: fundi akimaliza, badilisha kode kabla hajatoka kwako.

Na nyie wenye kamera, mulibadilisha? Apana, musiandike comment bado. Nendeni muangalie kwanza.