Recto-verso ya Mama Numbi

Mama Numbi, fundi wa kushona wa mtaa wa Kamalondo, alikuwa na siri moja tu duniani: zile namba nne za mashine ya benki. Akienda kutoa feza alijitanda kitenge yeye na mashine pamoja, mpaka mlinzi akadhani mama anainyonyesha. Hata padri hakuambiwa, na padri anaambiwa mengi.

Zile namba tatu za nyuma ya kadi, hizo aliigawia kwaya nzima.

Msimcheke bado. Kwaya ya parokia ilikuwa inangojea jubilei, na vitambaa vya sare vilikuwa viagizwe kwenye duka la mtandaoni, ng'ambo huko. Mweka hazina wa zamani alikuwa ameshavuka kwenda Zambia na michango ya Pasaka, na hatujui anaimba sauti gani siku hizi. Kwa hiyo Papa Donat, rais wa kwaya, alitaka safari hii kila kitu kionekane. Benki ikampa Mama Numbi, mweka hazina mpya, kadi, michango yote ikaingia humo. Na mjini kwetu, kitu kikishapata sura ya kadi njia yake inajulikana: unakipeleka kwenye kibanda cha fotokopi, unatoa recto-verso, mbele na nyuma, kisha unakivika plastiki kabla hakijafutika kama kadi ya uchaguzi. Bila recto-verso hakuna dosie, faili la mambo yako, na bila dosie sijui kama hata mbinguni wanapokea.

Kila mwanakwaya akapata kopi yake. Papa Donat akazipiga muhuri wa parokia, na moja akaibandika ukutani katika chumba cha mazoezi, chini ya Bikira Maria, aiangalie.

Mtu mmoja tu alinung'unika: Séphora, binti wa kaka yake Mama Numbi, aliyemwita shangazi yake tantine na kukaa kwake akisoma shule.

"Tantine, hizi tatu za nyuma haziko za kuonyesha bantu. Mwenye kuwa nazo, na namba ya mbele na tarehe, analipa kwa internet bila kushika kadi."

"Unataka baseme mi naficha nyuma? Ule wa feza ya Pasaka njo alianzaka vile."

Siku ya kuagiza, Séphora ndiye aliyeshika simu na kuandika namba. Duka likakataa. Kadi ilikuwa tupu. Ujumbe wa benki ulisema mtu fulani amejinunulia viatu vya michezo na simu, katika mji ambao hata wenye sauti ya tenor walishindwa kuutamka.

Kwaya ikakutana.

"Nani alishika simu?" Papa Donat akauliza.

"Séphora," Mama Numbi akajibu.

"Bon."

Neno moja hilo la Kifaransa, kama kusema haya basi, likafanya kazi ya polisi na ya hakimu. Mama Numbi angeweza kumtetea mtoto. Badala yake alienda nyumbani, akafunga mwenyewe mfuko wa mtoto, amrudishe kwa baba yake, huko mji wa Mokambo.

"Mi njo niliiba, tantine?"

"Sikusema vile. Enda tu, baba yako akuone."

Ndipo alipokwenda benki. Gauthier, mfanyakazi wa dirishani, alihangaika kwanza kubandua plastiki kwa ukucha.

"Mama, nani alishaona hii nyuma?"

"Kwaya."

"Nani wa kwaya?"

"Kwaya, papa. Soprano, alto, tenor. Ba-bass balilalamika kopi yao haionekani muzuri, nikabatolea ingine."

Gauthier akaweka kalamu chini.

"Zile namba ine ni za mashine. Hizi tatu njo zinaambiaka duka la internet kama kadi iko mu mukono yako. Sasa iko mu mukono ya kila muntu."

"Basi mwizi ni nani?"

"Yeyote. Ao rafiki ya yeyote, alipiga picha pale ku ukuta."

Akaifunga kadi na kuandika malalamiko, hakuahidi kitu. Mpya ikija, alisema, namba za nyuma azifunike, na asiipeleke fotokopi.

Mama Numbi alitoka akiwaza jambo moja. Mtoto aliyemwambia mlango uko wazi ndiye huyo huyo aliyefukuzwa naye.

Kwenye mazoezi aliwaambia yote, amesimama, na wote wakaangalia miguu ya wenzao, nani ana viatu vipya. Hakuna aliyemtaja Séphora. Akaenda ukutani, akaing'oa ile kopi.

"Mama," Papa Donat akasema taratibu, "usijali. Tuko na ingine mu dosie."

Mama Numbi akatoka hadi uani, akapiga simu Mokambo. Ililia mpaka ikakaribia kukatika.

"Tantine."

"Séphora. Haikukuwa weye. Ni miye niligawa zile namba."

Upande wa pili kuku walisikika.

"Kadi, balishaifunga?" mtoto akauliza.

"Balishaifunga."

"Aksanti," akasema Séphora, kama anavyoambiwa mteja, na hakuuliza lini arudi.