Maswali ya Wiki Baada ya Idi

Mimi ni afisa wa probesheni. Vijiji vya Ruangwa na Nachingwea nimevizunguka kwa pikipiki, na sina subira na mtu mwongo. Yule mkulima wa korosho wa Malolo hakuwa mwongo. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo.

Msimu wa mabibo, yale matunda ya mkorosho, alikunywa uraka, pombe ya mabibo hayo, akamvunja mkono mfugaji mmoja wa Kisukuma ambaye ng'ombe wake waliingia kwenye mikorosho yake. Mahakama ikamwonea huruma: badala ya jela, mwaka mmoja chini ya uangalizi wangu. Akirudia, anakwenda ndani. Ana mke na watoto wanne.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumwuliza kuhusu pombe. Fomu inataka siku thelathini zilizopita: mara ngapi, kiasi gani. Alama zikiwa nyingi, unakaa naye robo saa, mnazungumza kinachomponza na namna ya kukikwepa. Zikiwa chache, mnaagana. Alikuja wiki moja baada ya Idi, kanzu imenyooka pasi. Hajanywa hata tone, akasema. Nikajaza sifuri fomu nzima, nikampongeza. Foleni ilikuwa ndefu na mimi nilikuwa na njaa.

Sasa jamani, Ramadhani anakunywa nani? Na mwezi wa nne uraka unatoka wapi, mikorosho haina hata ua? Nimezaliwa Mnero, nimekula mabibo kabla sijajua kutembea. Faili lenyewe lilisema kosa lilitokea msimu gani. Fomu haikunilazimisha kuwa mjinga.

Oktoba mabibo yakaanza kudondoka. Asubuhi moja mke wake akanipigia simu: mumewe amelewa, amempiga kaka yake mwenyewe kwa mpini wa jembe, yuko mahabusu.

Mahakamani hakimu alisoma ripoti yangu kwa sauti, pale nilipoandika kwamba hatumii pombe. Akaniuliza kama nina la kuongeza. Mkulima akanigeukia, wala hakuwa na hasira.

"Mama, uliniuliza habari za Ramadhani," alisema. "Ungeniuliza za msimu wa mabibo ningekwambia. Nilikuwa nataka mtu aniulize."

Alifungwa mwaka mmoja. Nilipotoka nilimkuta mke wake mlangoni, mtoto mgongoni. Akaniamkia shikamoo kwa adabu zote, akanishukuru kwa kumsaidia mumewe. Nikaitika marahaba, nikaona aibu mpaka miguuni.