Filamu Ambayo Babu Baptistin Hakulala

Ilikuwa mwaka themanini na sita. La, themanini na saba, maana themanini na sita theluji ilibomoa paa la sinema ya Murat, mji mdogo wa milimani Ufaransa, na filamu hii ilionyeshwa chini ya paa jipya.

Clémence Vidalenc, binti wa Murat, alikuwa ameigiza filamu yake ya tatu. Mwongozaji wa Paris, Bi Hortense, alikuwa amepita siku moja kwenye mkahawa wa babu yake, akamwona anafuta glasi, akampendea kule kukaa kimya. Ikawa ndiyo kazi yake: kutazama dirishani, kumenya tufaha, kunyamaza. Magazeti ya Paris yalimsifu. Murat walimtania.

"Kumbe kunyamaza kunalipa?" mke wa muuza nyama alimwambia. "Basi mume wangu angekuwa tajiri. Hajanisemesha tangu Krismasi."

Hayo hayakumuumiza. Kilichomkaa moyoni ni babu Baptistin, aliyemlea. Filamu ya kwanza alisinzia majina ya mwanzoni hayajaisha. Ya pili alikoroma, ukumbi mzima ukasikia.

"Babu, hii utaiona mpaka mwisho?"

"Mimi nataka, mjukuu wangu. Macho ndiyo hayataki. Kwani kwenye filamu zenu hakuna hata mtu mmoja anayekimbia?"

Katika hiyo ya tatu Clémence aliigiza binti wa jaji wa Paris. Siku ya kupiga picha za chakula cha jioni, kamera ilikaa muda mrefu, Clémence akajisahau. Supu ilipobaki kidogo, akaimiminia mvinyo mwekundu, akalizungusha bakuli, akalinyanyua kwa mikono miwili, akapiga funda, akajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono. Wazee wote wa Murat humaliza supu hivyo. Msaidizi wa mwongozaji akashika kichwa.

"Binti wa jaji hafanyi hivi."

"Huyu amefanya," Bi Hortense akasema. "Tuendelee."

Basi siku ya kuionyesha, ukumbi wa Murat ukajaa. Kichwa cha babu kilikwisha kuangukia bega la Clémence, naye akakata tamaa. Bakuli lilipomiminiwa mvinyo pale kwenye skrini, akambonyeza kwa kiwiko. Mzee akafumbua macho, akakaa wima.

"Mvinyo mwingi huo," akasema kwa sauti ya mkahawani. "Utaharibu supu."

Watu wakaangua kicheko.

"Nyamaza, Baptistin," mke wa muuza nyama akamjibu gizani. "Anayelipwa kwa kunyamaza ni mjukuu wako, lakini nyamaza tu."

Hakusinzia tena. Aliitazama mpaka pale msichana anaposimama stesheni na begi lake, treni inaingia, inamficha, taa zinawaka.

Walirudi wameshikana mikono.

"Nimeimaliza."

"Nimekuona, babu." Alishindwa kuzuia tabasamu.

"Sasa yule msichana. Alipanda treni, au alirudi kwa watu wake?"

Clémence hakujua. Alimuuliza Bi Hortense, naye akasema hajui, yeye aliishia pale kamera ilipoishia. Filamu nyingine zikafuata, na kila Clémence alipokuja Murat kwa likizo, babu alimimina mvinyo kwenye supu yake, akamsukumia chupa, akauliza palepale alipoachia: alipanda, au alirudi?