Safari ya Matanga

Kwa nini boti iliyoandikwa daftarini kwamba imetoka kwa matanga irudi saa tano asubuhi wakati matanga yake yako stoo, yamekunjwa, makavu, na ufunguo wa stoo uko mfukoni mwangu?

Nilijiuliza hivyo Jumamosi tatu mfululizo. Nilikuwa nimemaliza chuo Nyegezi, na kazi pekee niliyoipata ilikuwa ukarani wa klabu ya boti upande wa Ilemela, hapa Mwanza. Ilikuwa klabu ndogo: gati moja la mbao, boti kumi na kitu zilizofungwa kwenye maboya, banda la kukaa, na mawe makubwa yaliyoshuka mpaka majini. Wanachama walikuwa wafanyabiashara Wahindi ambao babu zao walifungua maduka mjini, madaktari, wanasheria wawili watatu, na wageni ambao mikataba yao iliisha kabla hujawazoea. Mimi nilitoka Magu, kwenye pamba. Sikujua kuogelea, na mpaka leo sijui.

Nilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kuandika habari za wiki na kuzituma kila Ijumaa kwenye kundi la klabu kwenye simu: nani amepaka boti rangi, magugu maji yameziba wapi, nani anauza injini. Habari hizo zilinifundisha kutomwamini mtu yeyote anayesimulia upepo. Kila mwanachama alikuwa amekutana na mawimbi makubwa kuliko ya mwenzake. Mmoja aliona kiboko karibu na gati, mwingine akamwambia lile ni jiwe, wakabishana wiki nzima mpaka jiwe likahama.

Kazi ya pili ilikuwa daftari la safari. Anayetoka aliandika jina la boti, idadi ya watu, upande anaoelekea na saa. Akirudi alitia saini, na ikifika jioni bila saini, fundi wa klabu alitoka kumtafuta. Safu ya mwisho ilikuwa na kichwa cha maneno mawili tu, "Safari ya", na hakuna aliyekumbuka mwanzilishi alikusudia nini. Wanachama walizoea kuandika hapo "matanga" au "injini", ili upepo ukikata ijulikane nani huenda amekwama.

Boti iliyonisumbua ilikuwa ya mzee mmoja aliyekuwa na duka la vitambaa kabla hajawaachia watoto. Ilikuwa na matanga mawili na injini ndogo nyuma. Kila Jumamosi asubuhi mzee alitoka na fundi, na kwa kuwa mkono wake ulitetemeka, fundi ndiye aliyemwandikia. Safu ya mwisho, kila mara, kwa herufi kubwa za mtu aliyeacha shule mapema: MATANGA.

Fundi alikuwa mtu wa Ukerewe, umri wa baba yangu. Siku moja waliporudi nilimsalimu, kisha nikamuuliza, kama mtu asiye na neno, upepo ulikuwaje huko.

"Upepo gani, dada? Ziwa limelala leo."

Nikaangalia daftari. Matanga. Nikaenda stoo, nikagusa vitambaa vya matanga ya mzee. Vilikuwa na vumbi.

Wakati huo huo wanachama walikuwa wakinung'unika kwamba petroli ya klabu, iliyokaa kwenye pipa nyuma ya stoo kwa ajili ya boti ya uokoaji, inapungua bila maelezo. Sikuhitaji zaidi. Boti inakwenda kwa injini, daftari linasema tanga, pipa linapungua, na anayeandika daftari ndiye anayelala hatua ishirini kutoka kwenye pipa. Chuo kilinifundisha kuuliza kila kitu. Sikumbuki kama kilinifundisha kumuuliza mhusika kwanza.

Ijumaa iliyofuata niliweka mwishoni mwa habari: "Kuna boti inayosafiri kwa matanga bila kuyatoa stoo. Mwenye maelezo tafadhali ayalete." Niliipenda sentensi hiyo. Niliisoma mara nne kabla ya kuituma. Kwenye kundi walicheka, mmoja akasema labda boti imeolewa na jini. Mwenyekiti hakucheka. Alikuwa daktari wa meno, mama wa Kihaya asiyependa mzaha kazini. Aliniagiza nilete daftari kwenye kikao cha kamati Jumapili, na fundi naye aitwe.

Wajumbe walikuwa watano. Mmoja wao alikuwa mtoto mkubwa wa yule mzee. Fundi alisimama karibu na mlango, kofia mkononi. Alijua, na sote tulijua, kwamba akikutwa na kosa ataondoka siku hiyo hiyo, yeye na chumba alichopewa, na hakuna klabu nyingine hapa mjini ya kumpa kazi ya kuziba boti za matajiri.

Mwenyekiti alimsomea tarehe moja moja, kisha akamuuliza kwa nini aliandika matanga wakati matanga yenyewe hayakutoka stoo.

"Niliandika safari ya nini, mama. Imeandikwa hapo juu, safari ya. Mzee alikuwa anakwenda kwenye matanga."

Mwanasheria mmoja alicheka. Alisema hata msiba wa chifu hauwezi kumaliza Jumamosi zote hizo. Mtoto wa mzee hakucheka.

"Matanga ya nani?" aliuliza. "Ya mama tuliyamaliza mwaka juzi. Na baba mwenyewe alituahidi yameisha."

Fundi alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu kuliko mfanyakazi anavyomtazama mjumbe wa kamati. Kisha akaangalia daftari lililokuwa mbele yangu.

"Basi nilikosea kuandika," alisema. "Nilitaka kuandika injini."

"Na petroli?" mwenyekiti akauliza.

"Habari ya petroli siijui, mama."

Aliambiwa akabidhi funguo. Alinikabidhi mimi. Nilipaswa kufurahi, kwa sababu kila nilichoshuku kilikuwa kimekubaliwa na mshukiwa mwenyewe. Lakini nilishangaa. Kwa kawaida mtu hubadili maneno ili yamsaidie. Huyu alikuwa amebadili ya kwake yakamwangusha.

Jumamosi mzee alikuja saa mbili asubuhi, kofia nyeupe kichwani na mfuko wa maua ya njano mkononi. Hakuwa kwenye kundi la simu. Shikamoo, marahaba, akauliza fundi yuko wapi. Nikamjibu kwamba ameacha kazi. Niliyekuwa nikihesabu uongo wa wengine, sikuuhesabu huo.

Alininyooshea kalamu. "Basi niandikie wewe, binti."

Nikaandika mpaka safu ya mwisho, nikamuuliza tanga au injini.

"Hapo fundi huandika matanga."

"Lakini mnakwenda kwa injini, mzee."

"Kwa injini, ndiyo. Kutweka tanga siwezi tena. Ni matanga ya mama yao. Majivu yake yako huko, alitaka mahali ambapo boti zinapita." Akapunguza sauti. "Wanangu usiwaambie. Wanasema namzuia mama yao kupumzika. Nimewaahidi nimeacha."

Alingoja kwenye benchi mpaka jua likapanda, kana kwamba fundi angetokea, kisha akaniachia maua, akaondoka. Sikujua kuendesha boti. Niliyatupa maua majini palepale gatini, yakarudi na mawimbi kwenye mawe.

Kwetu Magu neno matanga lina maana moja. Nimekaa matanga ya babu, ya shangazi, ya jirani, nimelala kwenye mikeka na kuosha masufuria ya watu mia. Maana ya pili nilijifunza klabuni, na niliipenda, kwa sababu ilinifanya nisikike kama wao. Kwenye meza ile ya kamati labda ni mimi peke yangu niliyepaswa kumwelewa fundi mara moja.

Nilimtafuta. Alikuwa amepanga chumba kwa ndugu yake, juu kwenye vilima vya mawe, akitengeneza mlango wa mtu. Niliomba radhi. Aliendelea kupiga randa.

"Dada, si wewe ni mtu wa Magu? Kwenu mkifiwa mnafanyaje, mnatweka?"

Alicheka kidogo, mimi sikuweza. Nilimwambia nitakwenda kwa mwenyekiti nimweleze yote. Akaacha randa. Alisema nikimweleza mwenyekiti, mtoto wa mzee atajua kabla ya jua kuzama, na mzee atahamishiwa Dar kwa mdogo wake, mbali na ziwa. Akaniomba nisiseme.

Na hapo, badala ya kuondoka, nikamuuliza kuhusu petroli. Ndivyo nilivyo. Alisema kila Jumamosi alikuta tangi la boti limejaa, akadhani mzee ndiye aliyejaza. Nilimwamini kuhusu neno lile, lakini kuhusu petroli nilishindwa. Na wiki zilizofuata zilinipa sababu: boti ya mzee ilibaki kwenye boya lake, na pipa likaacha kupungua. Kwenye kamati walisema, si mnaona. Niliacha kazi kabla ya mwaka kwisha.

Mzee alifariki miaka minne baadaye, akiwa bado Mwanza. Nilikwenda dukani kwao kutoa pole. Mtoto wake mkubwa alinikumbuka, akafunga kitabu cha maagizo, na bila mimi kuuliza akaniambia kwamba alijua tangu mwanzo baba yake alikuwa akienda wapi, na kwamba kila Ijumaa jioni yeye ndiye aliyechota petroli kwenye pipa la klabu na kuijaza kwenye tangi la boti, ili injini isije ikazima mzee akiwa huko.