Harufu ya Ndizi Msituni

Juzi hapa Itetemia mshikaji mmoja kamenya ndizi mbivu pembeni yangu, nikajikuta nimeshakimbilia nje. Washikaji wote wakaangua kicheko.

"Oya, unakimbia ndizi?"

Nusura nizichape nao. Baadaye nikasoma mwenyewe kwenye simu: ubongo ukiogopa sana unafunga harufu na hatari pamoja, halafu siku ukiinusa tena, mwili unakimbia kabla hujafikiri. Kumbe ni ile siku!

Tulikuwa tunachuma uyoga kwenye msitu wa Usinge, mimi na dada yangu. Shule nilikuwa sijaanza bado. Baba alikuwa mbele kidogo, anarina asali. Ghafla ikaja harufu tamu, nzito, mate yakanijaa mdomoni.

"Dada, kuna ndizi!"

Akaganda. Yeye alishafundishwa na baba kwamba nyuki wakikasirika ndivyo wanavyonukia.

"Huku hakuna mgomba," akasema taratibu. "Lala chini."

Sikuelewa. Akanibwaga, akanifunika na kitenge chake, akanilalia juu. Mara ukaja mvumo wa nyuki. Nilikuwa nausikia mwili wake unashtuka juu yangu, unashtuka, unashtuka, na yeye ananing'oneza, "Usitingishike mdogo wangu, tulia."

Baba alipotufikia na moshi, mimi sikuwa na hata alama moja. Dada uso umevimba, macho yamezibika kabisa. Akawa anapapasa hewani kwa mikono yote miwili.

"Yuko wapi? Baba, mlete nimshike."